Muulize Afande Mstaafu: Rungu lisilo na jina

SWALI: Afande, salamu. Siku ya maandamano nilimtuma kijana wangu wa miaka 19 dukani akaniletee unga. Unga haukuja. Alirudi ameshika mkono wa kulia kwa wa kushoto, umevimba hadi saa haivuliki. Anasema polisi watatu walimkuta kichochoroni amejibanza ukutani, mmoja akamtandika rungu mara mbili, kisha wakaendelea na safari yao. Walikuwa wamefunika nyuso na hakuna aliyekuwa na jina kifuani. Hospitalini tuliambiwa mfupa umevunjika. Kituoni nikaambiwa nilete namba ya huyo askari ndipo waandike. Nitaitoa wapi? Na kweli kuna sheria inayosema polisi apige kiasi gani, au ni kulingana na alivyoamka asubuhi hiyo? — Mama Msomaji, Nairobi

JIBU: Mama, pole sana, na umfikishie kijana pole yangu. Nianze na hilo la kaunta kwa kuwa ndilo linalokupotezea siku. Huhitaji namba ya mtu yeyote ili malalamiko yako yaandikwe kwenye OB, daftari la matukio la kituo. Ukiibiwa kuku, huambiwi urudi na kitambulisho cha mwizi. Nenda tena, safari hii na mtu wa pili asiye mwepesi wa hasira. Taja tarehe, saa, kichochoro chenyewe, walikuwa wangapi, sare ya rangi gani, walitokea upande upi. Usiondoke bila namba ya OB. Omba fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, daktari akishaijaza toa nakala kabla hujairudisha. Wakikuzungusha, usibishane nao. Peleka malalamiko yako IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Si lazima upitie kituoni kwanza.

Sasa sheria. Ipo, na si ndefu hata kidogo. Tafuta Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, ufungue Jedwali la Sita. Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa nalo limekunjwa mara nne mfukoni, likachakaa kwenye mikunjo kama noti ya mia.

Linasema polisi aanze na njia zisizo za nguvu, na nguvu zije tu pale hizo zimeshindwa au ni wazi hazitafaa kitu. Zikija, zilingane na lengo lake, uzito wa kosa, na jinsi mtu anavyokaidi. Mpime kijana wako hapo. Kosa lake, kujibanza ukutani. Ukaidi, hakuna. Lengo je? Walimkamata? Hawakumkamata, walimpiga wakamwacha. Ningekuwa mimi ndiye mchunguzi, swali langu la kwanza lingekuwa hilo: kama hukuwa na haja naye, ulimpiga ili iweje?

Kuna na kifungu ambacho raia wengi hawakijui, na polisi wengi hujifanya hawakijui. Mtu akiumia, askari waliopo wanatakiwa kumpatia matibabu papo hapo, na kutofanya hivyo bila sababu nzuri ni kosa la jinai. Jamaa zake wajulishwe. Aliyetumia nguvu, za aina yoyote ile, aripoti mara moja kwa mkubwa wake na aeleze kilichomlazimu. Ikiwa ni kifo au jeraha baya, mkubwa huyo aipashe IPOA. Kwa hiyo, mama, mahali fulani panapaswa kuwa na karatasi yenye habari za mkono wa mwanao. Waambie IPOA waitafute, na kama haipo, kutokuwepo kwake nako ni kosa.

Hilo la nyuso zilizofunikwa nalo lina jibu. Jedwali lilo hilo linamtaka askari mwenye sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana, kila wakati. Agosti 2024 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikumbusha jambo hilo kwa amri: wanaosimamia maandamano wawe na sare, watambulike, wasifiche nyuso.

Sheria hii haikudondoka kutoka mbinguni. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na 405 kati ya hivyo vilikuwa vya risasi. Mimi nilikuwa na sare mwaka huo, lakini nitakayokusimulia ni ya zamani zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa konstebo wa mwaka wa pili katika mji mmoja kando ya ziwa. Tuliamriwa tusafishe soko. Watu walikwisha kukimbia, akabaki mama mmoja aliyekuwa akikunja turubai alilokuwa ameanikia omena. Hakutaka kuziacha. Nilimpiga mkononi. Sauti ya mfupa sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwenye kishikio cha rungu, ndani ya kiganja changu. Jioni tukarudi kambini, tukapewa chai na mkate, sajini akapita akihesabu ngao, kofia na rungu. Kila mkebe wa gesi uliotumika uliandikwa daftarini. Ule mkono haukuandikwa popote, wala hakuna aliyeniuliza.

Chuoni tulikuwa tumepiga kwata hadi visigino vikachubuka. Tulilenga shabaha, tukajua kupanga mstari wa ngao. Siku hata moja hatukufundishwa kusimama mbele ya mtu anayekutukana na usifanye kitu. Nilipokuja kuwa mkufunzi nililiweka zoezi hilo mwenyewe. Kuruta mmoja avue sare, avae fulana, amtukane mwenzake dakika kumi mfululizo, mama yake akiwemo. Mwenzake ajibu kwa mdomo tu. Akishindwa akainua rungu, apewe kalamu na ukurasa mtupu aeleze kwa nini. Niliwaona vijana wenye misuli ya kubeba gunia mbili wakikaa nusu saa mbele ya ukurasa huo, jasho likiwatoka.

SWALI: Mzee, Rais alisema anayechoma biashara za watu apigwe risasi ya mguu. Je, mguuni si sawa, mradi asife? — Kijana wa Nakuru

JIBU: Ndiyo, Rais William Ruto aliyasema hayo hadharani, Julai 2025. Lakini katika sheria hakuna risasi ya mguu na risasi ya kifua. Risasi ni risasi, na masharti yake ni mamoja: iwe njia nyepesi zaidi hazitoshi, na iwe kwa sababu zilizotajwa, ya kwanza ikiwa kuokoa uhai. Najua utaniambia mali imo pia kwenye orodha. Imo, ila imeambatana na sharti la nguvu zinazoweza kuhalalishwa, na mimi sijui nitahalalisha vipi goti la mtu kwa dirisha la duka. Tena kabla ya kufyatua, afisa ajitambulishe, aonye, ampe mtu muda wa kulisikia onyo, isipokuwa kusubiri kutahatarisha maisha. Hata risasi ya hewani isiyomgusa mtu lazima iripotiwe.

Nikuambie na ya uwanja wa shabaha. Kibao hakikimbii. Tulifundishwa kulenga katikati ya mwili kwa kuwa ndipo pakubwa, na hata hapo wengi walikosa. Mguu wa mtu anayekimbia, katikati ya watu, moshi machoni? Na pajani hupita mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika, mtu humalizika hujapata hata gari. Ile risasi iliyokosa nayo ina pa kwenda. Machi 2020, wakati wa kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, mtaa wa Kiamaiko, Nairobi.

SWALI: Afande, nimechaguliwa kujiunga na polisi. Baba ananitania kwamba huko ni amri tu. Mkubwa akiniamuru nipige watu wasio na hatia, nifanyeje? — Kuruta Mtarajiwa, Kitui

JIBU: Hongera, mwanangu. Baba yako anakumbuka polisi wa enzi zetu. Jedwali hilo hilo la Sita limeandika wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Kizimbani utasimama wewe, na huyo mkubwa huenda akawa shahidi.

Najua si rahisi. Mkubwa ndiye anayekupa likizo, ndiye anayekutuma Lamu au Turkana. Hivyo sikuambii umfokee mbele ya kikosi. Mwombe airudie amri: "Afande, unasema nimpige huyu aliyeketi?" Nimewaona wakubwa wawili wakinyamaza baada ya kuulizwa hivyo, maana walisikia wenyewe walichokisema. Akirudia, kataa kwa adabu. Jioni hiyo hiyo, kabla hujala, toa kijitabu chako uandike saa, mahali, maneno yake kama alivyoyasema, na nani mwingine aliyekuwepo. Kijitabu hicho usikiache kambini.