Jibu: Kufuatilia meli za Waholanzi za kwenda Asia

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kuchimba safari za mwanzo za Waholanzi kwenda Asia. Anza na jina la meli. Majina ya watu makarani waliyaandika walivyoyasikia, utazunguka bure.

Safari ya kwanza, ya Cornelis de Houtman, iliondoka Texel, kisiwa cha Uholanzi, mwaka 1595 na meli 4, ikafika Banten, kisiwani Java, 1596. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kiliwamaliza mabaharia, na meli iitwayo Amsterdam waliichoma wenyewe kwa kukosa watu wa kuiendesha. VOC, kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Asia, ilianzishwa 1602, kwa hiyo safari hiyo haimo kwenye mafaili yake. Pale Nationaal Archief, nyaraka za taifa za Uholanzi, Den Haag, omba fungu la nyaraka namba 1.04.01 kwa kampuni za kabla yake, na 1.04.02 kwa VOC yenyewe.

Kwa karne ya 18, nenda moja kwa moja kwenye vitabu vya mishahara ya mabaharia wa VOC. Vimewekwa mtandaoni bure. Kila mtu ana ukurasa wake: alikotoka, cheo, deni la sanduku alilopanda nalo, na kama alifia njiani, alikimbia au alirudi.

Lakini watumwa waliobebwa kwenda Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, hawamo humo, maana hawakulipwa. Hao, na wapo waliochukuliwa Zanzibar na Madagaska, watafute kwenye shajara za meli na kumbukumbu zilizoko Cape Town. Usiwaache nje ya utafiti wako, tafadhali.