Mwembe wa Barabarani Usiukate Kichwa

Kila masika yakikaribia hapa Unguja, ombi huwa ni lile lile: "Fundi, mwembe huu ukate kichwa, utatuangukia." Anayesema hivyo ana hofu ya kweli, kwani watoto wake hupita chini yake kwenda skuli. Hata hivyo, wewe unayeanza kazi ya kutunza miti ya umma, nakuomba usimkubalie haraka.

Mti uliokatwa kichwa, yaani uliofyekwa matawi yake yote ya juu, huzidi kuwa hatari. Umeondoshewa majani ghafla, basi hutoa machipukizi mengi kwa mkupuo pembeni mwa kidonda. Machipukizi hayo hayashiki ndani kabisa kama tawi la asili, yamejibandika juu juu tu. Chini yake kile kidonda kipana kinanyeshewa na kuoza. Baada ya misimu michache yamekuwa matawi mazito juu ya kigogo kibovu, na kusi likivuma ndiyo yanakatika.

Kabla hujashika kamba, zunguka shina. Tazama kama kuna uyoga umeota penye mizizi, kama udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja, kama pamechimbwa mtaro au bomba karibu. Gonga kwa nyundo usikilize penye uwazi. Miti ya mjini huumizwa zaidi chini kuliko juu: sementi imemwagwa mpaka shinani, taka zinachomwa pembeni yake, magari yanaegeshwa juu ya mizizi. Mara nyingi kuvunja ile sementi kunausaidia mti kuliko msumeno.

Ikibidi kukata tawi zito, likate mara tatu. Kwanza kwa chini, kama futi moja kutoka shinani, uingie theluthi tu ya unene. Kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna gamba la shina. Mwisho ondoa kile kisiki kilichobaki, lakini uache ule uvimbe ambapo tawi linakutana na shina, kwa sababu hapo ndipo mti unapojifungia kidonda. Usikate bapa na shina, wala usiache kigingi. Lami na rangi za kupaka kidonda hazihitajiki.

Mwembe ukate baada ya maembe kwisha, na uvae mikono mirefu. Utomvu wake unachoma ngozi, ni jamaa moja na mkorosho. Chungulia mashimo kwanza, maana nyuki na komba hulala humo. Kwa wenzetu wa Pemba, mti wanaolala popo wakubwa usiguswe. Popo wale hawapatikani kwengine duniani.

Na uzungumze na watu. Mimi huanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na kibali cha kukata, lakini wakaazi nao huwaita chini ya mti nikawaonesha tawi bovu ni lipi na zima ni lipi. Nikiona bado wana wasiwasi huwatajia miembe mikongwe ya njia ya Bungi hapa Unguja, ambayo husemekana ilipandwa na Bi Khole, binti wa Seyyid Said, sultani wa zamani wa Zanzibar. Wengi wamepita chini ya kivuli chake, basi wananielewa.

Waya wa umeme ukiwa ndani ya majani, shuka. Waite watu wa umeme wazime, usubiri mpaka wafike, hata kama mtaa mzima umesimama chini unakuharakisha.