Nyumba haisafirishwi kwa makelele: kwa mnaoanza bao

Jana kijana kasafirisha nyumba yenye kete tisa, yaani kalichota shimo lake kuu la mbele na kuzisambaza zote, na namua, ile awamu ya kuingiza kete za mkononi moja moja, haijafika hata nusu, kisa wenzake nyuma yake wanapiga makelele. Akafungwa. Akainuka akasema bao ni bahati. Wiki hii si wa kwanza, na mimi kunyamaza kumenishinda.

1. Tazameni kwanza. Wengi wetu hatukufundishwa bao. Tulitumwa barazani kumwita babu akale, tukaambiwa "ngoja nimalize", na babu hamalizi. Unasimama nyuma yake, jua linazama, chakula kinapoa, na siku moja unashtuka kwamba umeshajua ataanzia kichwa kipi (shimo la pembeni la safu ya mbele) kabla hajanyanyua mkono. Hapo ndipo ulipoingia, na kutoka ni shida. Nyie mnajifunza kwenye simu. Sawa, lakini simu inakuhesabia, na hatua ya kosa inakukatalia. Barazani hukataliwi, unazomewa. Kama kete 22 za mkononi zinakuchanganya, lipo bao la kujifunza: mbili mbili kila shimo, zote 64 ubaoni, hakuna kunamua. Wala si aibu. Aibu ni kutakata, yaani kucheza bila kula kete za mwenzako, wakati kula kupo, halafu ukabisha.

2. Hesabu kwa macho. Ukinyoosha kidole, mwenzako keshajua unakokwenda.

3. Nyumba. Hapa nipeni nafasi.

Mnajua kwamba kwenye namua, ukiwa umeanza zamu kwa kula, kete ya mwisho ikikuangukia nyumbani na hakuna cha kula, hiari ni yako: ulale, yaani ukomee hapo, au usafiri. Ukisafiri, nyumba ndiyo imekwisha, hairudi tena. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Siku hiyo nacheza na mzee mmoja mpole, asiyeongea, na nyumba yangu imefika kete 14. Mbele yake kwa yule mzee patupu. Kulala kulikuwa halali, tena kulikuwa kuzuri. Lakini nyuma yangu wamejaa watu, kuna mmoja nilitaka anione, na vijana wanaimba "Safari! Safari!" Nikazichota zote kwa mbwembwe, nikazitupa kulia, moja moja, kwa mlio. Zikazunguka nyuma, zikapanda kushoto, na ya mwisho ikaanguka shimo la tatu kutoka kichwa. Tupu. Shangwe ikakatika pale pale.

Mzee hakutabasamu. Akanamua kete moja tu mbele ya kimbi, shimo la pili kutoka kichwa, upande wangu wa kulia, ambako safari yangu mwenyewe ilikuwa imemwandalia. Akala, akaanzia kichwa, akala tena, akaendelea. Nilikuwa naangalia vidole vyake vinavyoachia kete bila haraka, kama mtu anayepanda mahindi. Alipolala, safu yangu ya mbele haikuwa na kitu, na mimi bado nina kete mkononi za kunamua! Nikaondoka kwa hasira, ngumi imefumba. Kesho yake watu wanapanga bao, komwe, ndizo kete, hazitimii. Ikabidi mtoto atumwe nyumbani kwetu kuziulizia, mbele ya mama yangu, ambaye tangu hapo kila nikitoka jioni ananiuliza kama nimeacha kete za watu.

Kwa hiyo nikikwambia "lala", sikuonei wivu. Nyumba isafirishwe kwa sababu mbili tu: umeshaona inakofika na inakula, au mwenzako anakaribia kuila. Mengine yote ni kuringa.

4. Ukila kichwani au kwenye kimbi, upande huchagui: unaanzia kichwa kilicho karibu. Kwingine unachagua, lakini ni kwa kula kwa kwanza kwa zamu, kwenye namua. Nusu ya ugomvi wenu ungeisha hapo.

5. Mtaji, yaani awamu ya pili, kete za mkononi zikiisha, usikukute mbele umebakiwa na moja moja, maana shimo la kete moja halianzishi kitu. Limbikeni nyuma mapema. Na shimo la kete 16 au zaidi usilijengee matumaini ya kula, haliruhusiwi kuanzia. Nimeona mtu mzima karundika huko kama anaweka akiba ya harusi.

6. Kutakasia, ile ya kumfungia mwenzako shimo asilianzie, msiniulize bado. Nawajua wazee wawili waliosusiana kwa ajili yake, na kila mmoja hadi leo ananivuta pembeni kunieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nimewakubalia wote wawili.

7. Mtazamaji hagusi kete. Kusema aseme, hatumwezi, lakini umsikilize kwa kiasi: yeye akikosea hafungwi.

8. Ukifungwa, inuka. Usianze kurudisha kete mashimoni kutuonyesha ungeshinda wapi. Kuna mtu anasubiri zamu tangu Alasiri, kahawa yake ya pili hiyo, na mara nyingi mtu huyo ni mimi.