Mwende mwanangu, kuhusu kaburi la Musyoka

Mwende mwanangu,

Ujumbe wako niliupata Jumapili. Umeniuliza kaburi la babu yako Musyoka, kaka mkubwa wa baba yangu, liko wapi hasa, na kwa nini nimewakatalia binamu zako wasimjengee kaburi shambani Machakos, hata la kuzika mgomba tu badala ya mwili. Nakujibu kwa barua, maana kwa simu ningekatikia njiani.

Hana kaburi, mwanangu. Yuko baharini.

Jina lenyewe lina habari yake. Babu yangu alichukuliwa Vita vya Kwanza kuwabebea Waingereza mizigo, katika kile kikosi cha wapagazi kilichouachia mtaa wa Kariokor wa Nairobi jina lake. Wapagazi walikufa wengi sana, maradhi yakiua kuliko risasi. Yeye akarudi. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo wakamwita Musyoka, anayerudi. Susu, nyanya yangu, mama yake Musyoka, alilishika jina hilo kama ahadi.

Vita vya Pili vilipokuja Musyoka akajiunga na jeshi, akapelekwa kwenye mizinga. Alionekana nyumbani mara ya mwisho mwishoni mwa 1943. Barua yake ya mwisho ilitoka Nairobi, basi nyumbani wakaamini kwamba kama amekufa, amefia huku. Wapo waliosema ameonekana Majengo, ana mke na watoto, ameikana familia. Maneno hayo ndiyo yaliyomla Susu. Hadi anafariki mwaka 1979, kigoda cha Musyoka kilikaa kando ya mlango, miguu mitatu, mmoja umefungwa waya aliokaza Musyoka mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Wageni wakija wengi kuliko viti, tulikaa chini, na kigoda kiko pale.

Baba alimtafuta Lang'ata. Mimi nilikuwa kijana, tulikwenda Jumapili baada ya kanisa, yeye safu hii, mimi ile, tukisoma misalaba ambayo rangi yake imeshaliwa na mvua. Pengine jina lilibaki herufi mbili tu, na baba alichuchumaa akazisugua kwa kidole kwa muda mrefu. Hatukujua kwamba makaburi ya Lang'ata yalifunguliwa 1958. Mtu aliyekufa wakati wa vita angefikaje pale? Bado naumia nikikumbuka zile Jumapili. Baba alipoaga dunia nikaendelea peke yangu. Nilizunguka ofisini, huku nikaambiwa njoo kesho, kule nikaambiwa faili za zamani hazipo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja tuliyekaa naye matangani kule Kangundo. Naye alikuwa askari wa mizinga. Nilipomweleza, aliniuliza mwaka gani. Nikamwambia baada ya Krismasi ya 1943 hatukusikia tena. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi tafuta meli, usitafute udongo."

Meli hiyo ni Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, kwa ajili ya vita vya Burma, imebeba mamia ya vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga. Ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili au tatu. Waliokufa ni zaidi ya 1,200. Waliookoka ni mia mbili na kitu. Umetaka ukweli, kwa hiyo sitakuficha hata hili: manowari zilizokuwa zikilinda msafara ziliifukuza nyambizi kwa mabomu ya chini ya maji, na baadhi yalilipuka pale pale watu walipokuwa wakiogelea. Sijui Musyoka alikuwa chini ya sitaha au majini. Nimeacha kuuliza.

Majina yao yako hapa Nairobi, Mwende, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Matatu ya 111 nimepanda miaka thelathini nikipita mbele ya lango lile. Ndani ya makaburi kuna mnara wa ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa wale wasio na kaburi. Nilisoma safu kwa safu na sikumwona, nikarudi kwenye matatu nikiwa nimekata tamaa. Mara ya pili nilikwenda na mama yako, yeye akawa anasoma kwa sauti ya chini. Alipotamka "Mushoka" tukatazamana. Karani aliandika alivyosikia. Nikalinganisha jina la baba yake lililofuata, na ni yeye.

Sasa kuhusu binamu zako. Nia yao ni njema, na mgomba ni njia ya heshima kwa wanaoifuata. Lakini kaburi lile litasema amelala Machakos, na Musyoka ameshazuliwa mambo ya kutosha. Ninachotaka ni hiki: jiwe la Susu liongezwe mstari, jina la mwanawe, lenye "sy" yake, tarehe 12 Februari 1944, na neno "baharini". Fundi nimeshaongea naye. Nikikusanya pesa nitakwambia zilizopungua.

Wewe unavuka Likoni kila asubuhi kwenda kazini. Meli ile ilipita mkondo huo huo kutoka Kilindini. Kesho ukiwa kwenye feri, simama upande wa bahari kuu, umsalimie babu yako kwa jina lake lote. Kisha nipigie.

Baba yako