Kati ya wamisionari Krapf na Rebmann, nani alikaa Rabai, kituo chao karibu na Mombasa, muda mrefu zaidi?

Ni Johannes Rebmann, ingawa wengi humtaja Krapf kwa kuwa ndiye aliyetangulia kufika. Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga kabla mwaka huo haujaisha, akaendelea na kazi hadi mwaka 1853, ambapo afya yake ilimlazimu kurudi Ulaya. Rebmann alimfuata mwaka 1846 na hakurejea kwao hadi mwaka 1875, yaani takriban miaka 29, na katika miaka ya mwisho alikuwa karibu kipofu kabisa, hata akahitaji kuongozwa safarini na Isaac Nyondo, kijana Mkristo wa Rabai aliyefuatana naye mpaka Ulaya. Alifariki Korntal, Ujerumani, mwaka 1876. Miaka hii imo katika historia za Church Missionary Society, chama cha Uingereza kilichowatuma wote wawili japo walikuwa Wajerumani, na kwangu ndiyo inayoonyesha uzito wa maisha ya mmisionari kuliko safari za Kilimanjaro zinazosimuliwa kila mara.

Ila ieleweke kwamba Rebmann hakukaa Rabai mfululizo, kwa kuwa baada ya uvamizi wa Wamaasai mwaka 1857 alihamia Unguja kwa muda. Naye Krapf alirudi pwani mwaka 1862, kwa kipindi kifupi tu, kuwasaidia wamisionari wa Kimethodisti kuanzisha kituo chao cha Ribe.