Hela ya chuo iombe kwa utafiti, ya kampeni itafute kwingine

Mleta mada, umesema chuo chako kimetangaza fungu dogo la utafiti kwa wanafunzi, unataka kuchunguza haki za wadada wa kazi za ndani hapo mjini, halafu hela hiyohiyo ikufanyie na kampeni. Mimi nilipata fungu la namna hiyo nikisoma sheria Dar, mada yangu na yako ni pua na mdomo. Jibu langu: omba ya utafiti tu.

Vyuo vya umma vinakula kwa serikali, na wakubwa wake wana kumbukumbu ndefu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawatimua. 1978 wakaandamana tena, safari hii wakipinga marupurupu ya viongozi, wakatimuliwa tena. Kamati ya leo haitakutajia hayo, ila ikiona bajeti ina fulana na mabango inaanza kutafuta sababu ya kukukatalia. Msimamizi wangu alifuta vyote viwili kwa kalamu, akaacha kikao cha kuwasilisha matokeo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Nilinuna, lakini andiko likapita.

Mada yako ilivyo ni pana mno. Tafuta kitu kinachopimika. Wakati wangu ilikuwa amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara ya 2013: kwenye nyumba za kawaida, shilingi 40,000 kwa mwezi kwa binti anayelala kwa mwajiri. Ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikapandisha kuwa 60,000, na 120,000 kwa anayelala kwake. Wewe anza na amri inayotumika sasa. Linganisha kinachotakiwa na kinacholipwa, kisha uliza hela inapita mkononi mwa nani. Swali hili la pili ndilo lililonipa utafiti. Nilikutana na mabinti ambao mshahara unatumwa kwa simu moja kwa moja kwa shangazi aliyewaleta mjini, na wao hata kiasi hawakijui.

Kibali usikichukulie poa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), kwa waraka wa serikali wa 1980, Makamu Mkuu wa Chuo anaruhusiwa kuwapa wanafunzi na watumishi wake kibali cha utafiti kwa niaba ya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwenu uliza utaratibu ukoje. Ukishapata barua, inashuka: Katibu Tawala wa mkoa, wilaya, manispaa, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Kila meza inabaki na nakala na kila mhuri una siku yake. Weka nauli na fotokopi za safari hizo kwenye bajeti, maana wanafunzi wengi wanaandika "gharama za mahojiano" tu halafu wanaishia kutumia hela ya kula.

Mahojiano usifanyie sebuleni kwa mwajiri. Mama mwenye nyumba akiwa jikoni anakaanga vitunguu, binti atakwambia analipwa vizuri na mama anampenda kama mwanaye. Nenda Jumapili baada ya ibada, au kwa mangi wanakotumwa kununua vitu. Na aliye chini ya miaka 18 usimguse mpaka umeelewana na kamati ya maadili namna ya kupata ridhaa, kwa sababu mlezi wake wa hapo mjini mara nyingi ndiye huyohuyo mwajiri.

Sasa masurufu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Utapewa hela, kisha utatakiwa kufanya marejesho kwa risiti, na mhasibu anataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Bodaboda hana EFD. Mwone mhasibu kabla hujachukua hela, muulize nauli zisizo na risiti zinajazwa fomu gani.

Kuna jambo zito zaidi ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Ukimpa mhojiwa hela ya usumbufu, mhasibu anataka orodha: jina kamili, namba ya simu, saini. Sasa umemwahidi binti kwamba jina lake litabaki siri, halafu jina hilohilo linalala kwenye faili la uhasibu linalopita mikononi mwa karani na mkaguzi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, binti akijulikana anafukuzwa kazi kesho yake. Nilichofanya ni kuacha kulipa taslimu. Nilinunua sabuni na mafuta ya kupaka duka la jumla, risiti moja ya EFD, nikagawa. Mhasibu alilalamika kidogo, akapokea.

Kampeni wapelekee wenye kazi yao. CHODAWU ndicho chama cha wafanyakazi kinachobeba na wa majumbani, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wanatoa ripoti ya haki za binadamu kila mwaka, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wape kurasa mbili za Kiswahili chepesi, siyo tasnifu nzima. Kama una ndugu anayesoma Marekani, aulize chuoni kwake kuhusu Projects for Peace. Tangu 2007 wanatoa dola 10,000 kwa mradi wa mwanafunzi wa vyuo shiriki, na mradi unaweza kufanyika nyumbani. Hela hiyo haiogopi mabango, siyo kama ya kwetu.

Mwisho, kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, na hela ya chuo ina tabia ya kuingia Mei ukiwa na mitihani, huku marejesho yakidaiwa kabla ya kufunga vitabu. Kwa hiyo maliza vibali na madodoso mapema, na chagua mtaa unaofikika kwa daladala moja kutoka hosteli.