Subaru Forester turbo iliyokata metali: oili kula ya zamani usiirudishe

Ndugu yangu wa Fuoni, hapa Unguja, umetuandikia kuwa Forester yako imekata metali, yaani zile beringi bapa za ndani ya injini zimelika. Weka spana chini. Maswali yako ya pistoni gani na oili ipi yangoje kwanza, maana mwisho kabisa umeandika, kama jambo dogo, kwamba fundi kakwambia oili kula, kile kifaa cha kupoza oili, ataisuuza kwa petroli, aipige upepo, airudishe. Hapo ndipo mashine yako, yaani injini, itakapofia.

EJ20 ya turbo, ndiyo injini ya gari yako, ikikata metali ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, unga wa chuma haubaki kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Pampu inauvuta. Filta nayo haizuii wote, kwa sababu ndani ina vali inayofunguka oili ikiwa nzito au filta ikianza kuziba, na hapo oili inapita bila kuchujwa. Oili kula imekaa baina ya bloku na filta, ndani ni bati nyembamba zilizopangana. Unga ukishaingia mle, petroli haiutoi. Unakaa kimya mpaka mashine ipate moto, kisha unaachia kidogo kidogo na kwenda kwenye metali mpya.

Mie niliambiwa maneno hayo hayo na fundi mwenye jina kubwa hapa mjini, mtu wa kuapa mbele ya watu kwamba Subaru hazimshindi. Krenki niliipeleka Dar kwa boti ikachongwa, nikanunua metali za ovasaizi, zile nene za krenki iliyochongwa, na gasketi seti nzima, oili kula tukaisuuza tukairudisha, kazi yote tukaifanya uani kwangu. Gari ikafika Jozani, naelekea Paje, ikaanza kugonga. Krenki ile ile iliyotoka kuchongwa! Niliikata oili kula kwa grainda. Baina ya zile bati mlikuwa na vigamba vyembamba, vingine vya rangi ya fedha, vingine shaba tupu, vimeshikana na oili kama uji ulioganda. Nilipomwonyesha, akasema oili za siku hizi feki. Amekula pesa ya watu, halafu lawama anaitupia oili! Na mpaka leo vijana anawafundisha vile vile, ndio maana nimekasirika kusoma uliyoyaandika.

Metali ikikata, oili kula inatupwa. Nunua mpya. Ya mtumba pia usichukue, hujui gari ile ilivunjwa kwa sababu gani, pengine nayo ilikata metali.

Krenki ikirudi kuchongwa, usiifunge kwa kuwa inang'aa. Matundu yake ya oili yana mabaki ya jiwe la kuchongea. Pitisha brashi nyembamba kila tundu, maji ya moto na sabuni, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Piga upepo, upake oili papo hapo, hewa yetu ya chumvi haichelewi kuleta kutu. Paipu ya oili ya turbo nayo badilisha, shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na kinachoibeba ni utando wa oili tu.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote, kata petroli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi.

Pesa ya oili kula ikiwa haijapatikana, funika bloku kwa nailoni, ikae. Na hizo metali ulizotoa usizitupe, nipigie picha zote, mbele na nyuma, uziweke hapa leo.